Jinsi ya kuchaji simu kwa miale ya jua malishoni

Wafugaji wa kuhamahama wa Turkana na Marsabit hukaa malishoni kwa majuma kadhaa, mbali na nguvu za umeme. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, simu imekuwa pia mkoba wa fedha. Ikizimika, mfugaji hawezi kuulizia bei ya mbuzi wala kupokea malipo.

Paneli ndogo ya sola inayokunjwa na kubebwa huondoa tatizo hilo, mradi itumiwe ipasavyo. Paneli ya wati 5 yaweza kujaza betri ya simu ya kawaida kwa muda wa saa mbili hivi, jua likiwa kali. Simu ya kisasa, ambayo betri yake ni kubwa mara kadhaa, huhitaji takriban siku nzima.

Paneli yafaa kuelekezwa kwenye jua na kugeuzwa kadiri jua linavyosonga. Hata kivuli cha tawi moja hupunguza umeme pakubwa, kwa kuwa seli zake zimeunganishwa kwa mfuatano.

Wengi hukosea kwa kuianika simu juani pamoja na paneli. Betri ya lithiamu huharibika ikichajiwa katika joto linalozidi nyuzi 45 za Selsiasi. Simu na ikae kivulini, waya ndio uifikie paneli.

La busara zaidi ni kuchaji betri ya akiba mchana, kisha kuitumia kuchaji simu usiku. Hivyo mfugaji hubaki na simu yake saa ambazo soko liko wazi.