Ufagio, Gololi na Fimbo: Malezi ya Mtoto katika Shule ya Msingi

Mtoto wa Tanzania anayeandikishwa darasa la kwanza hupelekwa shuleni, kwa kauli ya wazazi wengi, ili ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani zile stadi tatu ambazo walimu huziita kwa ufupi KKK. Lakini tangu anaposimama mstarini asubuhi hadi kengele ya kurudi nyumbani inapogongwa, anajifunza pia namna ya kuishi na watu. Ujifunzaji huo una pande tatu: makuzi binafsi, ambayo ni mtoto kujitambua, kujiamini na kuzitawala hisia zake, makuzi ya kimaadili, ambayo ni kupambanua jema na baya na kulitenda jema hata pasipo mtu wa kumwona, na makuzi ya kiutamaduni, ambayo ni kuzijua lugha, mila na sanaa za jamii yake na kuziheshimu za wengine.

Mitaala ya Tanzania imeyashughulikia makuzi haya kwa majina mbalimbali. Lilikuwapo somo la Haiba na Michezo, haiba ikiwa ni ule mwenendo wa mtu unaomfanya apendeze na aheshimike. Likaja somo la Uraia na Maadili. Na baada ya sera ya elimu ya mwaka 2014 kutolewa upya mwaka 2023, maadili yameunganishwa na historia ya nchi. Masomo haya yanahitajika, ila yana udhaifu wa asili, kwa kuwa mtihani hupima kumbukumbu, na mwanafunzi anaweza kulizungushia duara jibu sahihi la swali la uaminifu huku penseli ya mwenzake imo mfukoni mwake.

Kinachomjenga mtoto kwa kina ni kile ambacho wanazuoni hukiita mtaala fiche, yaani mambo yanayofundishwa na mazoea ya shule bila kuandikwa popote. Ufagio ni mfano mzuri. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, ambamo aliilaumu shule ya kikoloni kwa kumtenga mwanafunzi na jamii yake na kumfanya aidharau kazi ya mikono, akataka kila shule iwe na shamba au kazi nyingine ya uzalishaji, na wanafunzi washiriki katika kuipanga kazi hiyo na kuamua matumizi ya mapato yake. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyosahaulika upesi. Katika shule nyingi jembe liligeuka kuwa adhabu ya waliochelewa na kusafisha choo kukawa malipo ya utovu wa nidhamu, na mtoto anayeadhibiwa kwa kazi hujifunza kuwa kazi ni aibu. Mahali ambapo kila kundi lina eneo lake la uwanja, viranja wanagawa fagio za chelewa kwa haki, na mwalimu wa zamu naye anainama kuokota majani ya mwembe, somo linalopatikana ni jingine kabisa.

Gololi nazo si mchezo mtupu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwachunguza watoto wakicheza gololi na kuchapisha matokeo yake katika kitabu cha mwaka 1932, akaonyesha kwamba watoto wadogo huziona kanuni za mchezo kuwa amri za wakubwa zisizoweza kubadilishwa, ilhali wanapokaribia umri wa miaka kumi huanza kuelewa kuwa kanuni ni mapatano ya wachezaji wenyewe. Kwa hiyo, mtoto anapolalamika wakati wa mapumziko kuwa gololi yake imesogezwa kwa mguu, na wenzake wakabishana hadi wakakubaliana irudishwe pale ilipokuwa, hapo haki inafundishwa kwa vitendo, na mwalimu mwenye busara huacha shauri hilo limalizike kabla ya kuingilia kati.

Kuhusu fimbo, Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinairuhusu kwa masharti: viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Hata hivyo, mtoto anayelelewa kwa woga hutazama mwalimu yuko wapi badala ya kutazama tendo lenyewe, na akikua hutafuta mahali asipoonekana. Unasihi, yaani mazungumzo ya faragha ya kumsaidia mtoto alifikirie kosa lake na namna ya kulirekebisha, huchukua muda mrefu kuliko fimbo, na ndiyo maana unahitaji mwalimu asiyeelemewa na darasa la watoto mia.

Utamaduni nao una nafasi yake darasani. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na watoto wengi huingia shuleni wakiwa na hazina ya ngano na vitendawili kutoka kwa bibi zao. Mtoto anayetega kitendawili, wenzake wakashindwa wakampa mji ndipo akatoa jibu, amefundishwa kusikiliza, kufikiri na kukubali kushindwa kwa heshima. Shule inayomvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu ametamka neno la lugha ya nyumbani humfundisha kuwaonea haya waliomzaa, na hakuna ufasaha wa lugha yoyote unaofidia hasara hiyo.

Mzazi anayekwenda shuleni kuchukua matokeo ya muhula, baada ya kuzitazama alama za hisabati, na amuulize mwalimu mwanawe anacheza na nani, anafanya nini akishindwa, na mara ya mwisho alipokosea alizungumza na nani.