JINI YA MAUA: IJUE INAVYOTENGENEZWA KABLA HUJAWEKA MTAJI WAKO

Leo tuongelee jini ya maua. Siyo majini yetu ya Tanga jamani, ni pombe kali, ile chupa ya pinki au ya bluu ambayo wageni huiulizia mwisho wa mwaka. Nina grosari ndogo, na wenzangu wananiuliza: mbona inaizidi Konyagi bei kiasi hicho, na je, niiweke au niache? Jibu liko kwenye utengenezaji wake. Ukiujua, utajua bei inatoka wapi, msimu unaisha lini na chupa ipi ya kuikimbia.

1. INAANZA NA SPIRITI TUPU
Kwanza inatengenezwa spiriti safi ya nafaka au molasi ya miwa. Hiyo haina ladha ya maana. Ladha inaletwa na viungo: ganda la limau, giligilani, maua, lakini mkuu wao ni vitunda vya mti unaoitwa junipa. Bila junipa hiyo siyo jini. Watu wa Lushoto mnao ndugu yake: mtarakwa, mti wa penseli, unaoota kwenye misitu ya Usambara. Nairobi wanatengeneza jini inaitwa Procera kwa vitunda vya mtarakwa, na jina wamelitoa kwenye jina la kitaalamu la mti huo, Juniperus procera.

2. KISHA INAKENEKWA
Kukeneka ni kuchemsha na kunasa mvuke. Ukifunua sufuria ya wali, yale matone chini ya kifuniko ni mvuke uliopoa. Ndivyo wanavyopata marashi ya mawaridi kule Jebel Akhdar, Oman, na ndivyo Pemba wanavyopata mafuta ya makonyo ya karafuu.

Kwenye jini, viungo vigumu vinalowekwa ndani ya spiriti, halafu vinachemshwa nayo. Maua ni laini, moto ukizidi harufu inageuka kama majani yaliyopikwa. Kwa hiyo wengi wanayaweka kwenye kikapu juu, mvuke upite katikati yake. Kinachotoka mwanzo na kinachotoka mwisho vinatengwa, cha katikati ndicho kinachofungwa kwenye chupa baada ya kuongezwa maji. Konyagi ina kilevi asilimia 35. Ulaya, sheria inataka jini isipungue 37.5.

Mtambo mdogo, maua mengi, chupa chache. Bei imetoka hapo.

3. RANGI HAITOKI KWENYE MTAMBO
Hili wengi hawalijui. Mvuke haubebi rangi, kwa hiyo jini ikitoka kwenye mtambo ni nyeupe kama maji. Pinki au bluu imeingia baadaye, kwa kuloweka maua kama rozela (choya) au kwa kutia rangi. Yaani rangi kali siyo ushahidi wa ubora. Na rangi ya maua inapauka kwa jua na joto, na joto letu la Tanga mnalijua. Usiipange dirishani kama pambo.

4. MSIMU NI MSIMU KWELI
Ua linachumwa wakati wake. Asumini ukiichelewesha hadi jua likali, harufu imepungua. Ndiyo maana kiwanda kidogo kinatoa toleo moja, likiisha limeisha. Kwako maana yake ni mbili: usimwahidi mteja kwamba ataipata tena, na usinunue katoni nzima kwa kuvutiwa na chupa. Anza na chupa mbili.

Piga hesabu kwa toti. Chupa ya ml 750 inatoa toti 25 za ml 30. Tuseme umeinunua 100,000, kila toti imekugharimu 4,000 kabla ya barafu, soda na chozi linalomwagika. Kama mtaa wako hauwezi kulipa zaidi ya hapo, iache. Siyo kila kinachong'aa ni cha duka lako.

5. KABLA HUJALIPA
- Angalia stempu ya TRA, ihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu.
- Soma lebo: mtengenezaji, asilimia ya kilevi, namba ya toleo. Kizibo kisiwe kimeguswa.
- Dai risiti. Chupa ya "jamaa katoka nayo mpakani" haina wa kumuuliza ikileta matatizo.
- Hakikisha una leseni ya vileo. Ile ya biashara ya kawaida haitoshi.
- Chini ya miaka 18, usimuuzie.

MWISHO, HILI LA HATARI
Kuna anayefikiria kuloweka rozela kwenye spiriti ya bei rahisi na kuuza kama jini ya maua. Usithubutu. Harufu ya maua na rangi vinaficha kilichomo ndani. Mwezi Mei 2014, Kenya ilizika watu zaidi ya 60 kwa pombe yenye methanoli. Methanoli inaonekana kama kilevi cha kawaida, huwezi kuitofautisha kwa kuonja. Inapofusha na inaua. Faida ya msimu mmoja haitoshi kulipia macho ya mteja wako.

Rozela unaipenda? Chemsha, tia tangawizi na sukari, poza, uza juisi. Mtaji mdogo, na hata jirani asiyekunywa pombe atakuwa mteja wako.

Mtumie mwenzako mwenye grosari. Una swali, uliza hapo chini.