Unataka kufanya kazi ya kutibu matatizo ya ulaji? Anzia hapa

Ni vigumu kukuta tangazo la ajira hapa Tanzania linalotafuta "mtaalamu wa matatizo ya ulaji". Utakuta nafasi za muuguzi, tabibu, afisa lishe, afisa ustawi wa jamii. Kwa sababu hiyo vijana wengi wanaoipenda kazi hii hudhani ni ya madaktari wa Ulaya, au kwamba ni lazima uwe daktari bingwa ndipo uiguse. Si kweli. Sehemu kubwa ya kazi yenyewe hufanywa na watu wa kada za kawaida, na huenda wewe tayari ni mmoja wao.

Kazi inaanzia wapi

Matatizo ya ulaji ni magonjwa ya akili yanayojionyesha kwenye sahani na kwenye mwili. Mwenye anoreksia hujinyima chakula hadi mwili unakwisha, huku akili ikimwambia bado hajafika anakotaka. Mwenye bulimia hula chakula kingi kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha au hujinyima ili kufidia. Wapo pia wanaokula kupita kiasi bila kutapika, na wapo wanaoepuka vyakula kwa sababu zisizohusu uzito kabisa, hasa watoto. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Takriban kifo 1 kati ya 5 vya wagonjwa wake ni cha kujiua.

Chukua mfano wa binti wa kidato cha tatu. Mama yake anamleta kituo cha afya kwa sababu amekonda na hedhi imekata. Anapimwa VVU, hana. Kifua kikuu, hana. Sukari iko sawa, mimba hakuna. Anasema akila kidogo tu tumbo linajaa, basi anaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo na vitamini za kuongeza hamu ya kula. Baada ya mwezi anarudi akiwa amepungua zaidi. Vipimo vile vyote vilistahili kufanywa. Kilichokosekana ni mtu wa kumketisha pembeni, mama akisubiri nje, na kumuuliza: ukiona chakula unajisikiaje? Baada ya kula je? Huwa unajitapisha?

Kuuliza maswali hayo bila kumtisha wala kumhukumu ndiyo hatua ya kwanza ya kazi hii, na anaweza kuifanya yeyote aliye karibu na mgonjwa. Mara nyingine anayegundua wa kwanza ni daktari wa meno, kwa sababu asidi ya tumbo hula meno kwa upande wa ndani. Mwingine ni mwalimu wa malezi bwenini. Muuguzi makini ataona mashavu yaliyovimba chini ya masikio, au makovu kwenye vifundo vya vidole yanayotokana na kujitapisha kwa mkono. Alama hiyo ya vidole imepewa jina la Gerald Russell, daktari wa London aliyeieleza bulimia kwa mara ya kwanza kama ugonjwa mwaka 1979.

Njia za kuingia

Ukiwa na ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia wa kidato cha nne, stashahada ya uuguzi au ya utabibu ni miaka 3. Kutoka hapo unaweza kujiendeleza hadi shahada, kisha uzamili. MUHAS wanafundisha uuguzi wa afya ya akili na saikolojia tiba katika ngazi ya uzamili, na pia ubingwa wa magonjwa ya akili. Hiyo ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote: miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa mazoezi kazini, halafu miaka 3 ya ubingwa. Anayependa lishe aangalie SUA, Morogoro. Kwa wasomaji wetu wa Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kina saikolojia tiba, na KMTC wana stashahada ya juu ya uuguzi wa afya ya akili kwa ambao tayari ni wauguzi.

Uuguzi ndiyo njia ninayoijua kwa ndani, na ukweli wake ni huu: ukiajiriwa hujichagulii wodi. Unaweza kupangiwa wodi ya wazazi miaka miwili huku moyo wako uko kwenye afya ya akili. Usione umepotea. Kliniki ya wajawazito ina wanawake wenye bulimia ambao kutapika kwao kunafichwa na kichefuchefu cha mimba. Kliniki ya kisukari ina vijana wanaoruka sindano ya insulini makusudi ili wapungue, jambo linaloweza kuwaua kwa siku chache. Wagonjwa wako, ila kwenye rejista wameandikwa kwa majina mengine.

Ujuzi ambao huenda tayari unao

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wahudumu wetu wanapojidharau bila sababu.

Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hawezi kulishwa kwa pupa. Anapokosa chakula, mwili huacha kutegemea sukari na kuanza kuunguza mafuta na misuli. Fosfati, potasiamu na magnesi hupungua ndani ya seli, lakini ukipima damu unaweza kukuta namba nzuri tu. Sasa mletee ghafla sahani kubwa ya ugali au chupa za dripu ya sukari. Insulini inapanda na kuyasukuma madini yaliyobaki yaingie ndani ya seli, na kiwango chake kwenye damu kinaporomoka. Moyo unaanza kupiga ovyo, misuli ya kupumua inachoka, vitamini B1 inaisha, mgonjwa anachanganyikiwa. Anaweza kufa ndani ya siku chache za kwanza, akiwa mikononi mwa watu waliokusudia kumsaidia. Madaktari waliliona hili kwa wafungwa waliokombolewa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia.

Kama umefanya kazi wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali, unajua ninachosema. Ndiyo sababu tunaanza na maziwa ya F-75, kidogo kidogo na mara kwa mara, tukipima joto, mapigo na upumuaji, na hatumpandishi mtoto kwenye F-100 mpaka mwili wake uwe tayari. Daktari wa Ulaya huenda akamaliza mafunzo bila kumlisha hata mtoto mmoja wa aina hiyo. Wewe huenda umewalisha wengi.

Tofauti ipo, na usiidharau. Binti wa miaka 17 si mtoto wa miaka 2. Kiasi chake cha chakula hupangwa na daktari pamoja na afisa lishe, damu yake ikipimwa mara kwa mara, na kumlisha kidogo mno kwa woga nako kuna madhara yake. Tena mtoto wa utapiamlo akipata nafuu huulilia uji, lakini mwenye anoreksia anaweza kuuficha mkate ndani ya foronya. Kukaa naye mezani nusu saa, bila ugomvi na bila kumbembeleza kama mtoto mchanga, ni ujuzi wa kujifunza.

Tiba ya mazungumzo, na sinia

Kwa vijana wenye anoreksia, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ile inayowapa wazazi jukumu la kusimamia milo hadi mtoto apate nguvu, kisha kumrudishia uhuru wake taratibu. Gerald Russell na wenzake wa hospitali ya Maudsley, London, walichapisha majaribio yake ya mwanzo mwaka 1987. Kwa bulimia hutumika zaidi tiba ya kubadili fikra na tabia iliyoendelezwa na Christopher Fairburn wa Oxford, kwa kawaida vikao 20 ndani ya wiki 20.

Wazo la kuishirikisha familia si geni kwetu. Lakini kitabu cha London hakikumfikiria shangazi anayesema "mwacheni, atakula akisikia njaa", wala sinia. Watu sita wakila sinia moja, hakuna anayejua nani amekula nini. Anayejinyima anaweza kumega, kuchovya mchuzi na kuzungumza sana, na miezi ikapita. Wapo wazazi watakaoona aibu kumpakulia binti yao sahani ya peke yake, kana kwamba wanamtenga. Mtaalamu anayeijua nyumba yetu atakaa na mama, baba na bibi na kutafuta namna itakayowezekana pale kwao.

Upande wa utafiti

Utafiti wa ulaji umeegemea sana nchi tajiri. Utafiti mkubwa wa jeni za anoreksia uliochapishwa mwaka 2019 ulikuwa na wagonjwa 16,992 na ukapata maeneo 8 ya jeni yanayohusika, lakini washiriki wake walikuwa watu wa asili ya Ulaya. Uwezo wa kufanya kazi ya namna hiyo Afrika Mashariki upo: mradi wa NeuroGAP uliokusanya sampuli za jeni kwa ajili ya magonjwa kama skizofrenia ulifanyika Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Miradi kama hiyo huhitaji wauguzi wa kuchukua sampuli, wasaidizi wa kuhoji, watunza takwimu na wafasiri.

Neno mfasiri nimeliweka makusudi. Huko Hong Kong, miaka ya 1990, daktari Sing Lee alionyesha kuwa wagonjwa wengi wa anoreksia hawakusema wanaogopa unene. Walisema tumbo linajaa, au hawana hamu. (Mkumbuke binti wetu na dawa zake za vidonda.) Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta wanafunzi wa kike waliojinyima chakula wakieleza jambo hilo kwa lugha ya dini na kujitawala. Fiji ikawa kinyume: televisheni ilipofika wilaya ya Nadroga mwaka 1995 hapakuwa na msichana aliyesema anajitapisha ili apungue, lakini mwaka 1998 Anne Becker na wenzake wakakuta wamefikia asilimia 11.3.

Sasa jaribu kutafsiri dodoso la Kiingereza linalouliza kama mtu anaogopa kunenepa. Kwetu "umenenepa" bado inaweza kuwa sifa, "umekonda" ni pole, na "umenawiri" ni neno jingine kabisa. Ukiuliza swali moja kwa maneno hayo matatu utapata majibu matatu. Vivyo hivyo, anayehoji mtu wakati wa Ramadhani au katikati ya maombi ya kufunga lazima ajue kutenganisha ibada na ugonjwa. Ibada ina kufuturu. Mgonjwa, muda wa kufuturu ukifika, hutafuta sababu ya kuendelea. Msichana wa Tanga mwenye shahada ya kwanza na masikio mazuri anaweza kuuokoa utafiti ambao profesa wa nje ameukosea kwenye neno la kwanza. Ukitaka kufanya wako, hata mdogo wa kupitia rejista za kituo, omba kwanza kibali cha maadili cha chuo chako au cha NIMR.

Jipime

Wengi huvutwa na kazi hii kwa sababu waliwahi kuugua wenyewe, au dada yao aliugua. Hilo halikuzuii, na linaweza kukupa subira ambayo wengine hawana. Ila uwe umepona na umekaa vizuri muda wa kutosha, na uwe na mtu wa juu yako wa kuzungumza naye kila wiki. Kuzungukwa na watu wanaohesabu kila punje ya wali kunaweza kuamsha kilicholala.

Angalia pia mdomo wako. Kama salamu yako kwa wenzako kazini ni "umepungua, umependeza!", anza kuiacha kabla hujakaa na mgonjwa wa kwanza.

Na kama umesoma hapa si kwa ajili ya kazi bali kwa ajili yako au ya ndugu: mtu anayezirai, ambaye moyo wake unapiga taratibu sana au ovyo, anayetapika damu, anayeacha insulini, au anayesema hataki kuishi, apelekwe hospitali leo. Mwambieni mhudumu wazi kwamba amekuwa hali, au anajitapisha, na tangu lini.