Jua Laweza Kupunguza Kuni Kiwandani

Ndugu mkulima, unapofikisha majani yako ya chai kwenye kituo cha kununulia, kazi bado haijaisha. Kiwandani yatanyaushwa, kisha yakaushwe kwa hewa ya moto. Joto hilo hutoka katika boila, nayo hula kuni mchana na usiku. Kabla malipo yako ya mwisho wa mwaka hayajagawanywa, gharama ya kuni hutolewa kwanza. Basi shauri la kuni ni lako pia.

Katika vyuo vikuu wako wanafunzi wa uhandisi waliokwisha kupata digrii ya kwanza, na sasa wanachunguza njia za kutumia joto la jua viwandani. Usidhani huu ni mchezo. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Cairo, Misri, mhandisi Mmarekani Frank Shuman alipanga vioo virefu vilivyopindwa mfano wa mfereji. Vioo viliielekeza miali ya jua kwenye bomba, mvuke ukaendesha pampu, na maji ya Mto Nile yakapanda mashambani. Vita vya mwaka 1914 viliikatiza kazi hiyo.

Mwanafunzi wa leo hutafuta majibu ya maswali matatu.

La kwanza: joto lapatikana kiasi gani? Jua la adhuhuri pasipo mawingu hutoa karibu kilowati 1 kwa kila meta 1 ya mraba.

La pili: laweza kufanya kazi gani? Likipasha maji ya boila kutoka digrii 20 hadi 60, kuni hupunguziwa sehemu ndogo ya kazi. Kwa lita 1,000 za maji, zaweza kuokolewa kama kilo 15 za kuni kavu.

La tatu: usiku itakuwaje? Maji ya moto huwekwa katika tangi lililofunikwa vizuri lisipoe. Lakini mawingu yakidumu siku nyingi, kuni zitahitajiwa. Jua ni msaidizi tu.

Nawe una kazi yako. Katika mkutano wa wenye hisa, uliza: kila kilo ya chai hula kuni kiasi gani, na je, kuni hukaushwa kwanza? Kuni mbichi hupoteza moto kwa kukausha maji yake zenyewe. Tena, mwanafunzi akiomba kuweka vipima joto kiwandani, usimwone msumbufu. Hesabu anazofanya zinahusu shilingi zako.