Mvunjiko Wazi na Tiba ya Kupasua: Istilahi za Misimbo ya Tiba ya Mifupa

Msimbo ni alama ya herufi na tarakimu inayosimama badala ya maelezo marefu. Katika hospitali, mgonjwa aliyevunjika mfupa huandikiwa misimbo ya namna mbili: msimbo wa maradhi, unaoeleza alivyoumia, na msimbo wa tendo la tiba, unaoeleza alivyotibiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msimbo hauwezi kuwa sahihi ikiwa istilahi iliyouzaa ina maana mbili.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mchukuzi wa mizigo aliyegongwa na mkokoteni Kariakoo, au mtumishi wa ofisi aliyeanguka ngazini Posta, huenda akafikishwa katika Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Akiwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, malipo ya tiba yake hutegemea yaliyoandikwa katika fomu ya madai. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, haja ya maandishi yasiyo na utata imezidi.

Tuanze na maradhi. Katika toleo la 10 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, kuvunjika kwa muundi katika sehemu yake ya kati ni S82.2. Tarakimu moja yaweza kuongezwa mwishoni: 0 ikiwa ngozi haikuchanika hata mfupa ukafikiwa na uchafu wa nje, na 1 ikiwa jeraha limefika mfupani. Hivyo S82.20 na S82.21 hutofautiana kwa tarakimu moja tu, lakini kwa mgonjwa tofauti hiyo ni kubwa mno. Jeraha lililofika mfupani hukaribisha vijidudu, huhitaji kusafishwa mapema, na laweza hata kumpotezea mtu mguu. Ndiyo maana Gustilo na Anderson, mwaka 1976, waliyagawa majeraha ya aina hii katika daraja 3 kwa kadiri ya ukali wake.

Hapa wanaisimu wanaweza kuwakopesha matabibu maneno. Sisi husema silabi wazi na silabi funge. Yafaa basi kusema mvunjiko wazi na mvunjiko funge. Tena daktari asiache kulitaja mojawapo, kwa kuwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba mvunjiko usiotajwa kuwa wazi wala funge uhesabiwe kuwa funge. Neno moja likisahauliwa, jeraha la hatari huingia katika hesabu za taifa kama jeraha jepesi.

Utata huzidi tufikapo kwenye tiba. Kiingereza hutumia neno lile lile la “wazi” kwa upasuaji ambao daktari hufungua nyama ili auone mfupa na kuupanga. Mfasiri akifuata neno kwa neno, ataandika “tiba ya wazi”. Lakini mvunjiko funge waweza kutibiwa kwa kupasua, na hilo hutokea mara nyingi. Msimbaji asomaye “muundi umevunjika, tiba ya wazi” aweza kuandika S82.21 mahali pa S82.20. Dai laweza kurudishwa, takwimu zitapotoka, na daktari atakayempokea mgonjwa baadaye atatafuta kovu la jeraha ambalo halikuwapo. Kwa hiyo neno wazi libaki kwenye mvunjiko. Kwenye tiba tuseme kwa kupasua na bila kupasua.

Mtego wa pili ni jina la tendo lenyewe. Neno la Kiingereza linalotumika lina asili ya Kilatini na maana yake ya awali ni kurudisha. Katika mazungumzo ya leo humaanisha kupunguza. “Kupunguza mfupa” si tiba, ni ulemavu. Yafaa kutenga hatua 3:

1. Urejeshaji: kuvirudisha vipande vya mfupa mahali pake.
2. Ukazaji: kuvishikiza visihame, kwa bamba, skrubu au msumari ndani ya mwili, au kwa vyuma vya nje. Gango na plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo, hutuliza kiungo bila kukaza mfupa wenyewe.
3. Uungaji: kazi ya mwili wenyewe ya kuuotesha mfupa hadi ushikamane.

Mpango huu unaafikiana na misimbo. Katika orodha iliyotumiwa hospitalini Marekani hadi mwaka 2015, 79.06 ilikuwa urejeshaji wa mifupa ya mguu chini ya goti bila kupasua na bila ukazaji wa ndani; 79.36 ilikuwa urejeshaji wa mifupa hiyo hiyo kwa kupasua, pamoja na ukazaji wa ndani. Uainishaji wa matendo ya tiba ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani nao huuliza mambo 3: kinachotendewa, tendo, na njia. Kiswahili hujibu kwa mpangilio mwepesi: muundi, urejeshaji, kwa kupasua.

Uungaji hauna msimbo wa tendo, kwa sababu hakuna mtu anayeutenda. Hata hivyo istilahi yake ni ya lazima, maana mfupa uliounga vibaya huwa maradhi mapya yenye msimbo wake.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Wauguzi, wasimbaji na madaktari wanaozijaribu kazini ndio watakaoonyesha zinapofaa na zinapopwaya. Lililo muhimu ni kwamba neno moja lisibebeshwe maana mbili katika fomu ambayo mgonjwa mwenyewe hataisoma, lakini ambayo ndiyo itakayoamua analipiwa nini na anatibiwaje.