Kilengeo cha nukta nyekundu: Anayopaswa kuyajua mwindaji mgeni nchini Marekani

Msimu wa machipuo unapowadia huko Marekani na miti ya kando ya mto Ohio kuanza kutoa majani mapya, wako watu wanaoamka saa tisa za usiku, wakachemsha chai, wakavaa nguo zenye rangi ya majani makavu na kuelekea porini kumtafuta bata mzinga wa mwitu. Katika miji mitatu ya kando ya maji, yaani Louisville ulioko kwenye mto Ohio, Columbus unaopitiwa na mto Scioto na Buffalo ambako mto Niagara unaanzia ziwa Erie, miongoni mwa watu hao wamo pia baadhi ya ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki na Kongo.

Miji hiyo imepokea maelfu ya Wakongomani, Wasomali na Warundi, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Dadaab. Kwa wengi wao bunduki ilikuwa ndiyo sababu ya kukimbia nyumbani. Wengine wanatoka katika nchi ambazo uwindaji ni jambo la kusimuliwa na wazee tu, kama vile Kenya iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hivyo basi, anayeingia dukani Louisville akaoneshwa shotigani, yaani bunduki ya marisawa, na juu yake kikafungwa kioo kidogo chenye nukta nyekundu, ana haki ya kuuliza: kitu hiki ni nini, na je, ninakihitaji?

Katika makala yetu ya leo tutajaribu kulijibu swali hilo.

Kwanza tuondoe dhana moja potofu. Nukta nyekundu si ile miale ya leza inayoonekana kwenye filamu ikitua juu ya kifua cha mtu. Hapa hakuna kinachotoka nje ya kioo kuelekea kwa ndege. Taa ndogo sana iliyo nyuma ya kioo hutupa mwanga kwenye kioo hicho, nacho huurudisha kwenye jicho la mwindaji, naye akaona kana kwamba nukta inaelea mbele, mahali pale pale alipo ndege. Wazo lenyewe ni la zamani. Howard Grubb wa Dublin alilibuni mwaka 1900, na baadaye marubani wa ndege za kivita wakalitumia. Ama kilengeo cha kwanza cha umeme cha namna hii kilitolewa na kampuni ya Aimpoint ya Sweden mwaka 1975, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wawindaji. Majeshi yalikuja baadaye.

Sasa faida yake ni ipi? Shotigani ya kawaida haina kilengeo cha nyuma. Ina kishanga kimoja tu cha shaba kwenye ncha ya mtutu, na jicho la mwindaji ndilo linalofanya kazi ya kilengeo cha nyuma. Shavu likikaa vizuri kwenye kitako, mambo yanakwenda sawa. Lakini bata mzinga hana adabu ya kuja pale unapomtaka. Wewe umekaa chini, mgongo kwenye mti, bunduki juu ya goti, naye anatokea upande wa kulia ambako bega lako haliwezi kugeuka. Unapinda shingo, unainua kichwa kidogo ili umwone vizuri, na marisawa yote yanapita juu ya kichwa chake. Kwa nukta nyekundu, hata jicho likiwa limesogea kidogo kutoka katikati ya kioo, palipo na nukta ndipo panapoelekea marisawa, ilimradi kilengeo kimerekebishwa. Pia unaweka macho yote mawili wazi, jambo ambalo wengi hulisahau wakafumba jicho moja kama walivyozoea.

Hayo maneno "ilimradi kilengeo kimerekebishwa" ndiyo makala yote haya, na tutayarudia.

Katika kuchagua, la kwanza kutazama ni uimara. Risasi nzito ya bata mzinga ya geji 12 hurudisha bunduki nyuma kwa nguvu kubwa sana, na kilengeo cha bei rahisi kilichotengenezwa kwa ajili ya bunduki ndogo za michezo kinaweza kuzimika au skrubu zake kukatika siku ya kwanza. Bei huanzia chini ya dola 100 na kupita dola 700. Si lazima ununue cha ghali, lakini hakikisha mtengenezaji mwenyewe ameandika kuwa kinahimili shotigani.

La pili ni umbo. Vipo vilivyo wazi, vyenye kioo kimoja na taa iliyo nje, na vipo vilivyofungwa kama kijibomba. Cha wazi ni chepesi na hakizuii macho, ila tone moja la mvua au kipande cha jani kikikaa juu ya ile taa, nukta imekwisha. Kwa mvua za Aprili za bonde la Ohio, na kwa hali ya hewa ya Buffalo ambayo hakuna awezaye kuitabiri, sisi tunapendelea kilichofungwa.

Ukubwa wa nukta nao hupimwa kwa dakika za pembe. Kwa hesabu ya haraka, dakika moja hufunika takribani inchi moja kwenye umbali wa yadi 100. Nukta ya dakika 2 itafunika chini ya inchi moja kwenye yadi 40, na ya dakika 6 itafunika karibu inchi mbili na nusu. Kwa shingo ya bata mzinga, nukta ndogo inafaa zaidi, ingawa wazee wenye macho yaliyochoka huiona kubwa kwa haraka. Na hapa tuseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi mara kwa mara: mtu mwenye kasoro ya jicho iitwayo astigmatizimu huenda asione nukta ya mviringo, bali akaona kitu kama kishada cha zabibu au nyota yenye mikia. Kabla ya kukirudisha kilengeo dukani, tazama nukta ile kupitia kamera ya simu yako, bunduki ikiwa haina risasi. Ikionekana ya mviringo kwenye simu, basi kasoro iko jichoni, na anayehitajika ni daktari wa macho.

Kuhusu kukifunga, kikae chini kadiri inavyowezekana. Kikiwa juu sana utalazimika kuinua shavu kutoka kwenye kitako, na ubaya ule ule uliotaka kuuepuka utarudi kwa mlango wa nyuma. Bunduki nyingi za sasa zimetobolewa tayari kwa ajili ya kufungia reli. Isiyotobolewa ipelekwe kwa fundi wa bunduki, wala usijaribu kuitoboa mwenyewe.

Tukirejea kwenye lile tulilosema ni makala yote haya, sisi wenyewe tulipofunga kilengeo kwa mara ya kwanza tulikwenda moja kwa moja kupiga karatasi kwenye yadi 40 kwa risasi nzito, nukta ikiwa imetulia katikati kabisa. Karatasi haikupata hata tundu moja. Tuliposogea hadi yadi 10 ndipo tulipoona kundi zima la marisawa limekaa inchi 8 juu kulia. Sababu ilikuwa skrubu moja ya reli ambayo hatukuikaza, na hakuna wa kumlaumu ila sisi. Jambo lililotushtua ni kwamba nukta ilikuwa inang'aa vizuri na kuonekana sahihi kabisa muda wote huo. Nukta huonesha unapotazama wewe. Kwamba bunduki nayo inapiga pale pale, karatasi pekee ndiyo inayojua.

Kwa hiyo anzia karibu, yadi 10 au 20, kwa risasi nyepesi za bei nafuu, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga. Kisha nenda yadi 40 na umalizie kwa risasi ile ile utakayoingia nayo porini, kwani kila aina ya risasi hupiga mahali pake. Vilengeo vingi husogea dakika moja kwa kila mlio wa skrubu, yaani kama inchi 0.4 kwenye yadi 40. Kundi la marisawa likiwa inchi 6 juu, zungusha milio 15 kushuka. Halafu chora duara la inchi 10 na uhesabu matundu. Wawindaji wengi hutaka yafike 100 ndani ya duara hilo. Yasipofika, ama badilisha choki, yaani kile kibomba cha kubana marisawa mdomoni mwa mtutu, ama badilisha risasi, ama ukubali kwamba umbali wako ni yadi 30. Risasi za metali nzito ya tungsteni zaweza kupita dola 5 kila moja, kwa hiyo tunaelewa kwa nini watu hukwepa zoezi hili. Lakini wahenga walisema mlenga jiwe kundini hajui limpataye, na ndege aliyejeruhiwa akaenda kufia vichakani hamfai mtu yeyote.

Ikumbukwe pia kuwa kilengeo si darubini. Anayechungulia kupitia kilengeo ili ajue ni nini kinachotikisa majani amekwisha elekeza mtutu huko, na huenda ni mwindaji mwenzake. Kichwa cha bata mzinga dume kina rangi nyekundu, nyeupe na bluu, ndiyo maana wazoefu hawavai rangi hizo hata kwenye soksi. Chukua darubini ya kawaida shingoni.

Kabla ya yote hayo kuna suala la sheria, ambalo kwa mgeni ni zito kuliko skrubu zote. Sheria ya Marekani inamkataza mtu asiye na kibali cha kuishi nchini humo kumiliki silaha, na vile vile mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au aangukie katika misamaha mingine michache. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye kadi ya kijani hawamo katika katazo hilo. Hata hivyo, fomu namba 4473 inayojazwa dukani inauliza uraia. Ambaye bado si raia akiweka alama kwenye raia wa Marekani, hata kwa kutojua Kiingereza vizuri, anaweza kujikuta mbele ya jaji wa uhamiaji. Kosa la silaha nalo ni sababu ya kufukuzwa nchini. Kumnunulia bunduki rafiki ambaye mwenyewe haruhusiwi kuimiliki ni jinai, na tangu sheria mpya ya mwaka 2022 adhabu yake yaweza kufika miaka 15 jela. Nenda na mkalimani unayemwamini, na kama karatasi zako zina utata, muone mwanasheria kwanza.

Leseni na kibali cha bata mzinga hutolewa na kila jimbo, na yote matatu yana mafunzo ya usalama kwa wanaoanza. Msimu wa machipuo hufunguliwa Kentucky katikati ya Aprili, Ohio baadaye mwezi huo huo, na New York Mei Mosi, ambako uwindaji husimama saa sita mchana. Ohio tangu mwaka 2022 inaruhusu dume mmoja tu kwa msimu. Si ajabu, kwani ndege huyu alikuwa ametoweka kabisa Ohio kufikia mwaka 1904 na hakurudishwa hadi mwaka 1956.

Kwa ndugu zetu Waislamu, wanavyuoni wametofautiana juu ya mnyama aliyekufa kwa marisawa kabla ya kuchinjwa, hivyo ni bora kumuuliza sheikh kabla ya msimu kuliko kubishana na ndege ameshaanguka.

Na asubuhi yenyewe, punguza mwanga wa nukta. Alfajiri nukta kali hutapakaa na kumfunika ndege mzima. Jua likichomoza, uongeze. Badilisha betri kabla ya siku ya ufunguzi hata kama ya zamani bado inawaka, na uweke nyingine mfukoni pamoja na bisibisi yake.