Kititia cha Kumbeba Mtu

Jumamosi moja ya baridi, mwaka juzi, niliendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Durham, North Carolina, ninakoishi, kwenda kutazama mapanga mawili ya rota ya jairokopta yaliyokuwa yakiuzwa. Mwenyewe alikuwa ameyaning'iniza ghalani kwa kamba, yanang'aa, kila moja limezidi mita tatu kwa urefu. Yalikuwa ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, na bei aliyotaja ilikuwa nusu ya bei ya mapya. Pesa nilikuwa nazo mfukoni.

Nikatoa sarafu nikaanza kuligonga la kwanza kutoka kwenye tako, polepole, kila baada ya vidole viwili. Sauti ilikuwa kavu na nyembamba, ti, ti, ti. Nilipofika kama shubiri mbili kutoka kwenye ncha, ikabadilika. Ikawa nzito, kama mtu anayegonga boga. Nikarudi nyuma, nikasogea tena mbele. Pale pale.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kisiwani Lamu. Kabla ya kununua mbao aliigonga kwa nyundo ndogo huku ameinamisha kichwa, na mimi mtoto nilifundishwa kunyamaza wakati huo. Mbao yenye uozo ndani haijifichi ikigongwa. Panga la gundi nalo ni vivyo hivyo: mahali gundi ilipoachia, bati la juu halishikani tena na kilicho ndani, na mlio hufa. Nilimwuliza muuzaji kama ana daftari la saa ambazo mapanga hayo yameruka. Hakuwa nalo. Nikamwuliza pau la kati la kuyaunganisha liko wapi. Akasema lilitoka kwenye seti nyingine, lakini matundu “yanakaribiana.” Nikamshukuru, nikarudi nyumbani na pesa zangu.

Nasimulia haya kwa sababu mpwa wangu aliyeko Mombasa, fundi hodari wa kuchomelea, ameanza kuniuliza maswali kuhusu jairokopta ya mtu mmoja ninayoijenga kwenye gereji yangu. Swali lake la kwanza lilikuwa la injini. La kwangu kwake lilikuwa: mapanga utatoa wapi?

Jairokopta hufananishwa na helikopta, ila kwa kazi ni ndugu wa kititia kuliko helikopta. Mtoto aliyekua pwani anakijua kititia cha ukuti wa mnazi: ukikimbia nacho kinazunguka, hakuna anayekizungusha ila upepo. Rota ya jairokopta huzunguka hivyo. Injini iko nyuma ya rubani, inaisukuma ndege mbele kwa propela. Rota iliyo juu imelazwa kidogo kwa nyuma, hewa inaingia kwa chini na kupita katikati ya mapanga, na mapanga yanazunguka na kuibeba ndege. Injini ikizima angani, rota haisimami. Ndege inashuka huku hewa inayotoka chini ikiendelea kuizungusha, na rubani anachagua pa kutua.

Aliyelifumbua jambo hili ni Mhispania, Juan de la Cierva. Ndege zake za mwanzo, kuanzia mwaka 1920, zilikataa kuruka: zilipinduka ubavu, kwa sababu panga linalokwenda mbele hupata upepo mwingi kuliko linalorudi nyuma, basi upande mmoja unanyanyuka na wa pili unazama. Ajabu ni kwamba vifani vyake vidogo viliruka vizuri. Alipochunguza aliona mapanga ya vifani yalikuwa na mifupa ya henzirani, yanapinda. Akayawekea mapanga ya ndege kubwa bawaba ili yaweze kupanda na kushuka, na Januari 1923, huko Getafe karibu na Madrid, ndege yake ya C.4 ikaruka. Kwenye jairokopta ndogo za leo bawaba zile zimekuwa boliti moja tu ya katikati. Mapanga mawili yamefungwa kwenye pau moja, na pau linabembea juu ya boliti hiyo kama ubao wanaochezea watoto wawili: huyu akipanda, yule anashuka.

Sisi watu wa pwani tuna sehemu yetu kwenye hadithi hii, ingawa si ya furaha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nyambizi za Wajerumani zilibeba kishada chenye rota, Focke-Achgelis Fa 330, kisicho na injini. Mwanamaji alikaa juu yake, nyambizi ikamvuta kwa kamba, naye akachungulia meli za mbali. Agosti 1943 nyambizi U-177 ilitumia kishada hicho upande wa Bukini, yaani Madagaska, kuisaka na kuizamisha meli ya Kigiriki. Mwaka uliofuata nyambizi nyingine, U-852, ilikwama pwani ya Somalia, na Waingereza wakapata kuona kifaa chenyewe. Baada ya vita mhandisi mzaliwa wa Urusi, Igor Bensen, alivifanyia kazi vishada vya namna hiyo Marekani, na mwaka 1953 akafungua kampuni yake Raleigh, mji ulio jirani na huu ninaokaa. Akauza michoro na vifaa vya kujijengea nyumbani. Ndege yake ya B-8M, ya mwaka 1957, ndiyo nyanya wa karibu kila jairokopta ya gereji, na yangu ni mjukuu wake: paipu za alumini za mraba, kiti, mlingoti, na rota juu.

Sasa turudi kwenye mapanga, maana hapo ndipo pesa na akili vinapotakiwa kwenda kwanza. Rota yangu ina kipenyo cha mita 7. Ikizunguka mara 350 kwa dakika, ncha ya panga inakwenda karibu kilomita 460 kwa saa. Panga moja lina uzito wa kilo 10 hivi, na kwa mwendo huo linavuta kitovu kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani mbili na nusu. Mapanga ni mawili, kila moja linavuta upande wake. Ndege nzima pamoja nami na mafuta haifiki kilo 210. Ina maana kazi ya kunibeba ni ndogo sana ukilinganisha na kazi ya panga kujizuia lisichomoke. Na likitofautiana na mwenzake kwa gramu 50 tu kwenye ncha, tofauti hiyo inageuka kuwa mvuto wa kilo zaidi ya 20, unaozunguka karibu mara sita kila sekunde, na wote unafika mkononi kupitia usukani.

Mapanga ya Bensen ya mwanzo yalikuwa ya mbao na kiini cha chuma. Nayapenda kwa macho, kwa sababu ya baba, lakini mbao hunywa unyevu, na panga moja likinywa kuliko mwenzake mizani imeharibika. Ya faibaglasi, kama Skywheels, huwa mazito: yanachelewa kushika kasi, ila yakishika yanaihifadhi, na unapovuta usukani kutua yanakupa muda. Ya alumini ya gundi, kama Dragon Wings, huwa mepesi, ukiyasukuma yanaitika upesi, na upesi huo huo yanaweza kupoteza mwendo. Mimi nimechagua alumini kwa sababu ya uzito. Sheria ya Marekani ya ndege ndogo kabisa, Part 103, inataka ndege ya mtu mmoja isifike kilo 115 ikiwa tupu, isibebe mafuta zaidi ya lita 19, na isipite kilomita 102 kwa saa. Ukikaa ndani ya mipaka hiyo huhitaji leseni ya urubani. Mimi mafunzo nimeyachukua, tena kwa mwalimu wa jairokopta hasa, na ningeyachukua hata kama sheria ingenikataza.

Kipenyo kinafuata uzito. Duara la mita 7 lina eneo la mita za mraba 38 na nusu, kwa hiyo kila mita ya mraba inabeba kilo tano na kitu, mzigo wa kawaida kwa ndege ya namna hii. Ukifupisha mapanga, rota itazunguka kwa kasi zaidi, itataka injini kubwa zaidi, na ndege itashuka upesi injini ikizima. Ukiyarefusha mno, rota inakuwa nzito kuanza na usukani unatikisika. Mtu wa Nairobi, kwenye hewa nyepesi ya mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, atahitaji duara pana kuliko mtu wa Mombasa mwenye uzito sawa na wake.

Kuna jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ndilo lililonifanya nimkatalie mpwa wangu moja kwa moja.

“Mjomba,” aliniuliza kwa simu, “kwani alumini ya madirisha si ipo tele? Nikate, nipinde, niribiti?”

Nilimwambia hapana, na nikamweleza. Alumini ya madirisha kwa kawaida ni aina ya 6063, laini. Fremu yangu tu ni 6061-T6, yenye nguvu zaidi, na hiyo haizunguki. Lakini hata angepata madini yanayofaa, panga lazima uzito wake ukae mbele: ukiligawa upana wake mara nne, kitovu cha uzito kiangukie kwenye robo ya kwanza kutoka makali ya mbele, au mbele yake. Kikirudi nyuma, panga linaanza kupepesuka lenyewe kama tanga lililolegea joshini, na mtetemo huo unakua kwa muda mfupi kuliko muda wa rubani kufikiri. Watengenezaji huficha uzito ndani ya makali ya mbele kwa sababu hiyo. Pia panga halipasuki siku unayolitesa. Linachoka kidogo kidogo kuzunguka matundu ya boliti, na ufa unaanzia mahali jicho halifiki. Mapanga ni kitu cha kununua kutoka kwa mtu anayeyatengeneza kila siku. Fremu, kiti, tangi, mkia, hivyo mpwa wangu anaviweza, tena vizuri kunishinda. Na kabla ya kukata chochote, aende kwanza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA.

Ukinunua mapanga, nunua na pau lake la kati kutoka kwa fundi yule yule. Pau hilo si ubapa wa kawaida: lina pembe ndogo inayoyaelekeza mapanga juu kidogo, kwa sababu yakibeba uzito hupinda juu, na limening'inizwa chini ya boliti ya kubembea kwa kipimo maalumu, ili mapanga yakipinda kitovu chao cha uzito kije sawa na boliti. Kipimo hicho ni cha mapanga hayo, kwa uzito huo. Wa pau la “matundu yanakaribiana” angeniuzia mtetemo usio na tiba. Kwenye seti yangu kila panga na upande wake wa pau vina alama ya rangi, nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu, na haviwezi kubadilishana.

Kichwa cha rota nilikinunua kipya, na beringi zake. Boliti zote ni za ndege, za kipimo cha AN, na kila inayobembea au kuzunguka ina nati ya meno na spiliti pini. Boliti ya duka la vifaa vya ujenzi huwa na hesi ndefu, na hesi zikiingia ndani ya tundu zinalitafuna kama msumeno. Nilitupa boliti tatu kwa sababu hiyo tu.

Nilipookoa pesa ni kwenye injini. Rotax 447 iliyotumika, nguvu za farasi 40, niliifungua yote na kuifunga upya. Injini ikizima nina rota. Rota haina mbadala. Lakini kimo cha injini sikukifanyia mchezo: propela ikisukuma juu sana ya kitovu cha uzito wa ndege, siku upepo utakapoipunguzia rota mzigo, msukumo huo unaiangusha pua, na ndege inapinduka kabla mkono haujafanya lolote. Wajenzi wengi wamekufa hivyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow ulionyesha kwamba umbali huo, wa juu na chini, ndio wenye uzito kuliko mambo mengine katika utulivu wa ndege hizi. Mimi nimenyanyua kiti mpaka msukumo ukapita karibu na kitovu, nikaweka mkia mpana wa kulala.

Mapanga mapya yalifika Machi kwenye sanduku refu. Nilikaa nayo jioni tatu kabla ya kuyafunga. Niliyapima kwa mizani, nikafunga uzi kutoka ncha hadi ncha na kuhakikisha unapita juu ya katikati ya kitovu, nikagonga urefu wote kwa sarafu. Ti, ti, ti, mpaka mwisho.

Asubuhi ya kwanza uwanjani palikuwa na upepo wa kadiri, wa kutosha kunyanyua khanga kambani. Niliielekeza ndege kwenye upepo, breki nimezifunga, injini nimeizima, nikasimama pembeni na kulisukuma panga kwa kiganja kila lilipopita. Kuliharakisha ni kosa: ukikimbia na ndege kabla rota haijashika mwendo, mapanga hupigapiga na kujivunja pale pale chini. Nikasukuma, nikangoja, nikasukuma. Mara ya kumi au kumi na mbili nilihisi panga linatoka mkononi kabla sijalisukuma. Nikarudi nyuma hatua tano. Yakaendelea, kwanza kwa mfoko mfoko, kisha mlio ukaungana, na kivuli chake kwenye majani kikawa duara moja.